Katuni ya RoboCop: damu imefutwa, na kilio je?

Wiki iliyopita, baada ya maghrib, mwana wa ndugu yangu alikuwa barazani kwetu Langoni, hapa Lamu, simu ya mamake mkononi na njiti ya kuti mapajani, ndiyo bunduki yake. Ana miaka 7. Babake alikuwa amekwenda kujaziwa memori kadi, akataja jina moja tu, RoboCop, na muuzaji akatia vyote viwili katika folda ya katuni: mfululizo wa watoto wa mwaka 1988 na filamu ya watu wazima ya mwaka 1987. Mtoto akatoka kwenye katuni akaingia kwenye filamu, na sote tuko ndani tunakula.

Filamu ile ya Paul Verhoeven si ya mtoto hata kidogo. Askari wa Detroit, Alex Murphy, anafumuliwa mkono kwa risasi huku majambazi wakimcheka, kisha mabaki yake yanachukuliwa na kampuni iitwayo OCP na kuundwa askari wa chuma. Kule Marekani ilipewa kwanza daraja la X, la watu wazima pekee, na mwongozaji akalazimika kuipunguza tena na tena mpaka ikapata R, ambalo mtoto haingii bila mtu mzima. Haikupita miaka mingi, Marvel Productions wakamtoa Murphy yuleyule katika katuni ya vipindi 12. Risasi zimekuwa miale, na damu haionekani.

Ndugu yangu amekasirika, naye ana haki. Hoja yake ni kwamba mtoto akishampenda shujaa atamfuata popote jina lake lilipo, kwa hivyo katuni ya aina hii ni mlango unaoingiza watoto katika nyumba isiyo yao. Mimi namwongezea la biashara. Mwaka 1984 serikali ya Marekani iliondoa mipaka ya matangazo katika vipindi vya watoto, na hapo katuni nyingi zikawa ndizo tangazo lenyewe la vinyago. RoboCop naye alipata vyake mwaka 1988 kutoka Kenner, vyenye kulipua fataki. Filamu iliyokuwa ikiishutumu kampuni kwa kumfanya binadamu kuwa mali yake, ikaishia kumuuza binadamu huyo dukani.

Lakini sikubali anaposema kisa cha watu wazima hakifai kupewa mtoto kabisa. Sisi tulilelewa na kisa cha Fumo Liyongo. Mwanawe mwenyewe ndiye aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni, kwa kuhadaiwa na mfalme. Bibi alitusimulia tukiwa wadogo kuliko mtoto huyu. Jeraha hakulieleza, alilipita kwa neno moja. Alipokaa sana ni kisimani: Liyongo amepiga goti na upinde wake, amekufa, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai, mpaka mamake alipokuja. Pale Bibi alinyamaza kidogo, na sisi tukanyamaza.

Kwa kipimo hicho naipima katuni. Kuondoa damu, wamefanya sawa, na sioni haja ya kubishana. Tena haikutupa kila kitu: yumo Hedgecock, afisa asiyemtaka RoboCop kwa sababu tu ni mashine, na mtoto huielewa dhuluma hiyo bila kufafanuliwa. Ila kifo cha Murphy kinapita upesi kama sababu ya kupata silaha nzuri. Katika filamu kuna mahali anarudi nyumbani kwake akakuta pamehamwa, nyumba inauzwa, na kumbukumbu za mke na mwanawe zinamjia chumba kwa chumba. Hapana risasi hata moja hapo. Ningekuwa mimi mtungaji wa katuni, hapo ndipo ningeanzia.

Nasema hivi kwa sababu ya alichoniuliza mtoto. Nilipoipokonya simu nilidhani atasema juu ya ule mkono. Akaniuliza, "Ami, yule mwanawe ameenda wapi?"

Bodi ya kuainisha filamu hapa Kenya ina madaraja yake, GE la watu wote, PG la uangalizi wa mzazi, 16 na 18 ya umri, lakini alama hizo haziingii pamoja na faili kwenye memori kadi. Kazi inabaki ya aliye karibu na mtoto, na ya muuzaji pia. Nilikwenda kumwambia; alisikitika, akasema jina lilimpoteza.

Ndugu yangu alitaka vyote vifutwe. Nimefuta filamu, katuni nikaiacha, kwa sharti kwamba aitazame nami. Kila Murphy anapoanguka mwanzoni mwa kipindi, mtoto huiweka chini njiti yake ya kuti na kuniuliza tena habari za yule mtoto, nami namweleza ile nyumba ilivyokuwa.