Kabaila wa Glengarry na nguo zake

Kuna picha moja ya rangi ninayoipenda sana, lakini siiamini hata kidogo. Ni ya Kanali Alastair Macdonell, kabaila wa Glengarry katika Nyanda za Juu za Uskoti. Mchoraji Mskoti Henry Raeburn aliichora mwaka 1812, na siku hizi inatunzwa Edinburgh, kwenye jumba la taifa la sanaa. Turubai lake linapita mita 2 kwa kimo, kwa hiyo bwana mkubwa anakusimamia mzimamzima: bunduki ndefu mkononi, kilti (ile sketi ya wanaume wa Uskoti) kiunoni, soksi za mirabaraba, na ukutani nyuma yake ngao na panga. Amegeuza uso pembeni. Wewe unayemtazama si hadhi yake.

Kavaa akavalika, sikatai. Ila nguo hizo zina kisa. Baada ya uasi wa 1745, wa kutaka kuurudisha ukoo wa kifalme wa Stuart madarakani, kushindwa, serikali ya London ilipitisha sheria mwaka 1746 kuwapiga marufuku wanaume wa Nyanda za Juu kuvaa kilti na mashuka yao ya mirabaraba. Kosa la kwanza miezi 6 jela. Ukirudia, unapelekwa ng'ambo miaka 7. Askari wa mfalme tu ndio walioruhusiwa. Sheria ilipofutwa mwaka 1782, vazi lilirudi taratibu, safari hii likawa pambo la wakubwa. Macdonell alilishikia bango kweli kweli, hata mwaka 1815 akaanzisha chama cha watu wa Nyanda za Juu "halisi". Wakati huohuo wapangaji wa ardhi ya Glengarry, watu wa ukoo wake mwenyewe, walikuwa wakipanda meli kwenda Kanada, kodi zikipanda na mabonde yakienda kwa wafuga kondoo. Ontario mpaka leo kuna kaunti inaitwa Glengarry. Yeye alikufa 1828, akaacha madeni.

Simlaumu Raeburn. Alikuwa yatima aliyeanza kama mwanagenzi wa sonara, na mwaka 1808 alifilisika. Mtu wa namna hiyo hachagui wateja. Na mkono alikuwa nao! Hakuanza na penseli, alishika brashi akaenda moja kwa moja kwenye turubai. Madirisha ya chumba chake cha kazi, mtaa wa York Place, aliyawekea vibao vya kufungua na kufunga ili mwanga uangukie pale anapotaka yeye. Ikuze picha ya Macdonell kwenye simu, uangalie uso: michirizi michache tu ya rangi, na mtu kakamilika. Tatizo ni kwamba macho hayakai usoni. Yanavutwa na nguo, na nadhani ndicho mteja alichokilipia.

Raeburn huyohuyo, yapata miaka 25 kabla, alimchora Niel Gow, mpiga fidla wa ngoma za Perthshire, hukohuko Uskoti. Hakuna ngao, hakuna panga, ukuta mtupu. Mzee ameketi, koti jeusi la kawaida, fidla kidevuni, vidole vinene vimeshika nyuzi. Suruali yake fupi nayo ni ya mirabaraba, na unaweza kumaliza dakika nzima kabla hujaiona. Gow, kabla fidla haijampa jina, alifundishwa kazi ya kufuma kitambaa hichohicho.