Moshi wa vespa na oili ya kukadiria

Mtoto wa kaka yangu ana mchezo wake. Akisikia vespa yangu inapanda kilima cha Chake Chake, huvuta kola ya fulana hadi puani kabla sijafika barazani. "Ami, uza mkweche huu ununue Boxer. Watu wanakohoa." Wenzake hucheka, nami hucheka nao, maana ziko siku hata mimi nilikuwa nakohoa.

Hoja yake si ya kitoto. Pikipiki mpya za Kihindi zimejaa Unguja na Pemba, hazifuki moshi, spea zake zipo karibu, na kijana anayezipanda hajawahi kuchanganya oili na petroli maishani mwake. Anayetaka vespa kuukuu zistaafu ana mengi ya kusema, na mengi ni kweli. Lakini hilo la moshi, analolipigia kelele kuliko yote, ndilo analolielewa nusu, na sisi wenye vespa ndio tuliomfanya asilielewe.

Injini ya vespa ya zamani ni ya mipigo miwili. Oili ya kulainisha pistoni haikai peke yake. Inaingia pamoja na petroli na kuungua nayo. Kwa vespa aina ya PX, iliyoanza kutoka Italia mwaka 1977 na baadaye ikawa inaundwa Kanpur, India, kwa jina la LML, kiwango ni asilimia 2. Kwa maneno ya jikoni, lita moja ya petroli inataka mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai. Basi.

Sasa msimamie mwenye vespa anapotia mafuta. Anafungua chupa ya oili, anaiinamisha kwenye tangi, anamimina mpaka moyo utulie, kisha anaitikisa vespa kiunoni ichanganyike. Ukimuuliza, atakwambia afadhali izidi kuliko ipungue. Ikipungua, pistoni inashika ndani ya silinda na tairi la nyuma linafunga njiani. Hapo yuko sawa. Ila "izidi" ina kipimo gani?

Siku moja niliamua kujipima mwenyewe. Nilichukua kichupa cha dawa ya kikohozi ya mtoto chenye mistari ya mililita, nikamimina humo, mara kadhaa mpaka kiasi kikatimia, oili ambayo mkono wangu ungeitia kwenye lita tatu. Ilifika 140. Iliyotakiwa ni 60. Nilikaa na karatasi nikaigawa: karibu asilimia 5. Nikakumbuka mkono ule niliurithi wapi. Marehemu baba ndiye aliyenifundisha kumimina, na vespa aliyojifunzia yeye ilikuwa ya miaka ya 1950, na hizo zilitaka asilimia 5 hasa. Mzee alikuwa sahihi kwa mashine yake. Mimi nimechukua mkono wake nikaupeleka kwenye mashine nyingine, na miaka yote hiyo moshi ukaandikiwa vespa.

Na laiti ungekuwa moshi tu. Oili isiyoungua haiendi yote hewani. Nyingine inabaki kwenye plagi, unaifungua unaikuta nyeusi na imelowa. Nyingine inageuka masizi, inaganda kwenye tundu la kutolea moshi na ndani ya ekzosi, kidogo kidogo, mpaka njia inakuwa nyembamba na injini haipumui. Dalili yake ya kwanza Pemba huijui tambarare, unaijua kilimani: gia ya tatu iliyokuwa ikipanda vizuri sasa inakatika pumzi, unarudi ya pili. Fundi mmoja akaisikiliza yangu, akasema ringi za pistoni zimekwisha. Ringi zikaagizwa Unguja, zikaja na boti, injini ikafunguliwa, ikafungwa, na kwa kuwa alikwangua masizi wakati ameifungua, ilipanda kilima kama mbuzi. Baada ya miezi ikarudi kule kule, na nikalipia ringi mara ya pili. Zile ringi za kwanza ninazo mpaka leo kwenye kopo la maziwa. Hazina tatizo lolote. Fedha hizo zote mtoto wa kaka yangu huzihesabu upande wa gharama za vespa, na kwa hesabu ya daftari hakosei. Lakini zilikuwa gharama za mkono wangu. Tangu nipime, plagi ninayoitoa ina rangi ya kahawia kama kahawa yenye maziwa, na ekzosi nimeichoma masizi mara moja tu.

Haya, na upande wa pili. Hata ukipima kwa sindano ya hospitali, injini ya mipigo miwili ina kasoro ya maumbile. Mchanganyiko mpya unaingia silindani wakati njia ya moshi bado iko wazi, kwa hiyo sehemu ya petroli hutoka nje mbichi, haijafanya kazi. Hiyo ndiyo harufu inayobaki uchochoroni hata moshi ukiwa haupo, na hakuna fundi wa kuiondoa. Ndiyo maana yangu inakwenda kilomita 30 hivi kwa lita, Chake hadi Wete imekwisha, na Boxer ya cc 100 inakwenda hata mara mbili yake. Mtu anayebeba abiria kutwa nzima sina la kumwambia. Anunue Boxer, tena leo.

Ila wengi wetu hatubebi abiria. Tunakwenda kazini, sokoni, mazikoni. Kwa safari hizo kuna kitu ambacho wapenzi wa pikipiki mpya hawakitii kwenye mizani, labda kwa sababu wamezoea kuvaa suruali. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeichora vespa ya kwanza ya kampuni ya Piaggio, iliyotoka mwaka 1946, hakuzipenda pikipiki. Zilimchafua nguo kwa mafuta ya cheni, na tairi likipasuka ni kazi. Akaiondoa cheni, akaifunika injini, akaweka bati mbele ya miguu na sakafu ya kukanyagia. Hakuwa akimfikiria mtu wa Pemba, lakini muulize yeyote aliyewahi kwenda Ijumaa na kanzu nyeupe wakati wa masika ni mashine gani iliyomfikisha msikitini akiwa bado mweupe. Mwambie mwanamke wa buibui akae nyuma ya pikipiki yenye cheni wazi na spoku, kisha nyuma ya vespa, akuambie wapi alikuwa ameikusanya nguo mkononi safari nzima. Juu ya sakafu ile hupita mtungi wa gesi au gunia la mchele bila kamba ya kufungia. Tairi likipata pancha, la akiba liko chini ya shavu la bati la ubavu wa kushoto: nati tano, spana ya 13, unaondoka kabla watazamaji hawajakusanyika.

Tatizo linalonitia hofu ya kweli ni lile ambalo kijana wangu hajawahi kulitaja. Vespa haina fremu ya mabomba. Bati la mwili ndilo fremu. Pikipiki nyingine ikishika kutu kwenye madigadi ni aibu tu, vespa ikishika kutu sakafuni ni mifupa inayooza. Na sisi tunaishi kisiwani. Chumvi iko hewani, maji ya mvua yanaingia chini ya mpira wa sakafu yakalala humo, juu rangi inang'aa. Anayeuziwa vespa kwa kuitazama rangi anauziwa jeneza lililopakwa vizuri. Ongeza magurudumu ya inchi 10 yanayotumbukia kila shimo ambalo Boxer inalirukia, na breki za mbele zinazohitaji dua, ndipo utaelewa kwa nini siwezi kumwambia kila mtu aitunze yake.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilimwita kijana mwenyewe aje na bisibisi. Tukaung'oa mpira wa sakafu. Nikamwambia asukume kwa nguvu kila mahali, na ikipenya kwenye mshipa wa katikati, naiuza, tena kwa kilo. Alisukuma kwa raha, nilimwona. Kushoto bati lilikataa. Katikati lilikataa. Kulia, karibu na pedali ya breki, bisibisi ikazama hadi kwenye mpini.

Kiraka kimechomelewa Jumamosi. Kichupa cha dawa ya kikohozi sasa anakishika yeye, maana macho yangu hayaioni vizuri ile mistari midogo. Kola yake bado anaivuta puani nikifika, lakini siku hizi huivuta nikiwa nimeshazima.