Jiwe la nini juu ya santuri?

Baba mdogo alikuwa na dawa moja tu ya santuri iliyopinda: sarafu. Aliibandika kwa utepe juu ya kichwa cha mkono wa sindano, akarudi kitini kwake. Sindano iliacha kuruka, kweli. Lakini sindano nyingi hutakiwa kukanyaga kwa gramu mbili hivi, na sarafu huweza kuuzidisha uzito huo mara mbili au tatu. Leo santuri zile ziko kwangu, zinakoroma.

Nyingi zimepinda pia. Zilikaa miaka chini ya bati, zimeegeshwa mshazari, na plastiki ya santuri huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60. Basi nami nikaenda kununua dawa yangu: chuma cha duara mfano wa jiwe la mizani, gramu 700, unakichomeka kwenye msumari wa katikati. Kinang'aa, wageni wanakiulizia.

Nikaweka santuri iliyoinuka ukingo, nikainama mpaka macho yakawa sawa na sahani. Mkono wa sindano ulipanda na kushuka kama ngalawa, mara moja kila sekunde 1.8, maana ndio mzunguko mmoja wa santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika. Tarumbeta ikivuta sauti ndefu, nayo inayumba. Jiwe limetulia tuli, halina habari.

Litakuwaje na habari? Linakandamiza lebo, na ubovu uko sentimita 10 kutoka hapo. Linafaa santuri ikiwa imefura katikati kama kawa. Ukiigeuza upande wa pili, kawa inakuwa bakuli, na jiwe linabaki pambo. Tena linaielemea beringi, na mashine zinazoning'inia kwenye springi, kama Thorens TD 160, zinabonyea.

Kilichonisaidia ni kibano chepesi cha plastiki ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukitazama. Unavisha washa nyembamba ya mpira kwenye msumari, santuri juu yake, halafu unasukuma kibano chini na kukikaza. Washa inainua katikati, kibano kinakandamiza pembezoni mwa lebo, ukingo unalazimika kushuka. Mara ya kwanza nilidhani kiinimacho. (Washa yenyewe ilipotea siku ya tatu, ninayotumia nimeikata kwenye tyubu ya baiskeli.) Zile za zamani za mizunguko 78 usizijaribu, zinavunjika kama kigae.

Wenye fedha wana pete ya chuma ya kuvisha ukingoni, VPI wanaitengeneza, au mashine za SOTA zinazoivuta santuri chini kwa pampu ya hewa. Vinafanya kazi. Ila ukiwa na pete, shusha sindano kwa adabu. Ikigonga chuma umeipoteza.

Na ile ya kuibana santuri kati ya vioo viwili juani? Nimefanya. Saa sita mchana, dakika ishirini, nikaenda kupokea simu. Santuri ilinyooka kama meza, ila mifereji ililainika na sauti ikabaki mvumo mtupu. Ilikuwa nzuri kuliko zote za baba mdogo.

Imebaki moja ambayo hata kibano hakiiwezi, ina kikunjo kifupi kikali ukingoni. Hiyo naianzia wimbo wa pili.