Mwanga unaotafuta damu: utamfaa nini aliyepandikizwa mfupa Lamu?

Mafundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, wakishabadilisha taruma lililooza, jahazi hurudishwa majini na hukumu hujulikana mapema: linavuja au halivuji. Daktari aliyepandikiza mfupa kwenye muundi wa kijana aliyeanguka na bodaboda hana bahati hiyo. Amechukua kipande kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, amekijaza palipobaki pengo, amekaza kwa chuma na kushona. Baada ya hapo ni kungoja.

Kungoja kwenyewe kuna sababu. Eksirei huona kalsiamu, na mfupa mchanga hauna kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo wiki za mwanzo picha hueleza machache sana. Ilhali jambo kubwa linaamuliwa wiki hizo hizo: mishipa midogo ya damu imeingia kwenye kipandikizi au haikuingia? Kisipopata damu, hubaki kama kijiti kikavu kilichofungwa kwenye mti mbichi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huhesabu kuwa mfupa umegoma kuunga ikiwa miezi 9 imepita na miezi 3 ya mwisho hapakuonekana maendeleo yoyote. Kwa mvuvi, au mwenye punda wa mizigo, miezi 9 ya kutojua ni watoto kukaa na njaa.

Hapo ndipo watafiti walipoleta mwanga. Mwanga mwekundu, na ule uliopita wekundu kidogo ambao jicho halioni, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 650 hadi 900 hivi, hupenya ngozi na nyama kuliko rangi nyingine. Damu yenye oksijeni na damu iliyoishiwa huunyonya kwa viwango tofauti. Tena chembe za damu zikipita, mwanga wa leza unaorudi hutikisika, na kutokana na mtikisiko huo hukadiriwa kasi ya damu. Katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, watafiti wamefuatilia hivyo mapaja ya panya waliopandikizwa mifupa, pasipo kuwapasua tena, na wakaona mtiririko wa damu ukitofautiana kati ya kipandikizi hai na kile cha mfupa uliokufa.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Haina mionzi ya eksirei, kwa hiyo kipimo kinaweza kurudiwa kila wiki. Chombo chenyewe kinaweza kufanywa kidogo kikabebeka. Nikimfikiria mgonjwa wa kijiji cha kisiwa cha Pate, hoja hiyo hunigusa zaidi: kuja mjini Lamu kupigwa picha ni kungoja maji yajae boti ipite mkondo wa Mkanda, ni nauli, ni mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi za gati, na Kusi likivuma ni kulowa na magongo yake. Kipimo kingemfuata yeye kwenye zahanati ya kwao, angeokoa safari nyingi.

Lakini paja la panya ni milimita chache, na la mtu mzima ni sentimita nyingi za nyama kabla ya kufika mfupani. Mwanga huu hupima sentimita chache tu chini ya ngozi. Muundi, ambao kwa mbele umefunikwa na ngozi pekee, unafikika. Mfupa wa paja la mtu mnene, sidhani. Chuma huzuia mwanga, na plasta lazima ikatwe dirisha.

Linalonisumbua kuliko yote ni ngozi. Kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, ambacho mbinu yake ilibuniwa na Takuo Aoyagi wa Japani miaka ya 1970, hutegemea kanuni hiyo hiyo ya damu kunyonya mwanga. Mwaka 2020, wakati wa korona, utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kipimo hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kilikuwa kimetumika miaka mingi hospitalini. Weusi wa ngozi hunyonya mwanga, na chombo kisichojaribiwa kwetu hakiwezi kusemwa kinatupima. Pwani hii tuna kila rangi ya ngozi, wakati mwingine ndani ya nyumba moja.

Kuna jingine. Damu nyingi si lazima iwe habari njema, kwani kidonda kikiingia usaha damu huongezeka vilevile. Mwanga husema kiasi cha damu, hausemi kwa nini. Ndiyo maana siwacheki madaktari wanaoshikilia eksirei, mkono unaobonyeza na swali la zamani: ukikanyaga, inauma?

Wapo pia wanaouliza, ukijua mapema halafu ufanye nini, kama chumba cha upasuaji kiko mbali? Swali la haki, ila jibu lipo. Sigara huchelewesha mfupa kuunga, na kisukari kisichodhibitiwa pia. Kumwachisha mtu sigara, kurekebisha sukari, kuangalia kidonda, hayo muuguzi wa zahanati anayaweza, na wiki ya tatu yana faida kuliko mwezi wa tisa.

Kwa hiyo naegemea upande wa mwanga, kwa kazi ndogo: muundi, wiki za mwanzo, katikati ya picha moja na nyingine. Kaunti isinunue chombo kabla hakijajaribiwa kwenye ngozi kama zetu. Na kitakapojaribiwa, mgonjwa asilinganishwe na takwimu za wageni. Alinganishwe na mguu wake mzima, wenye ngozi ile ile, na kipimo chake mwenyewe cha wiki iliyopita.