Lazima, Inapaswa au Itafanyika: Uzito wa Maneno katika Viwango vya Kiswahili

Tuchukue sentensi ya aina inayoweza kuandikwa katika kiwango cha vyakula: "Kifungashio cha unga kinapaswa kuonyesha tarehe ya mwisho wa matumizi." Mkaguzi akiisoma anaona amri, mwenye kinu akiisoma anaona ushauri mwema, na hakuna kati yao anayeweza kulaumiwa, kwa kuwa katika matumizi ya kila siku kitenzi "kinapaswa" hubeba wajibu mzito na nasaha pia.

Wanaoandika viwango kwa Kiingereza walikwishakutana na tatizo hili. Machi 1997 Scott Bradner aliandika waraka mfupi wa RFC 2119 (RFC ni mfululizo wa nyaraka za kiufundi za intaneti) kwa ajili ya viwango vya intaneti, akayapa maneno machache maana moja moja: "must" ni sharti lisilo na mwanya, "should" ni pendekezo ambalo mtu anaweza kuliacha akiwa na sababu halali na baada ya kupima athari zake, na "may" ni hiari. Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, lilikwenda njia nyingine: huko sharti hubebwa na "shall", wala "must" hairuhusiwi kushika nafasi yake. Tofauti hiyo haileti madhara, kwa sababu kila upande umetangaza maana ya maneno yake kabla ya kuyatumia.

Kwetu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu tumezoea kutoa amri kwa wakati ujao. Ibara ya 33 ya Katiba ya Tanzania inasema, "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano," na hakuna anayeidhania kuwa ni utabiri. Wanaotetea mtindo huu wana hoja ya kweli: una heshima ya kisheria, msomaji anaujua, na tangu 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria Tanzania, nyaraka nyingi zaidi zitaandikwa hivyo. Lakini Katiba ina mahakama ya kuifasiri, ilhali kiwango cha kiufundi husomwa na fundi aliye peke yake karakana. Akikuta "sampuli itahifadhiwa mahali penye ubaridi", atajuaje kama anaamriwa kuihifadhi, au anaelezwa tu kitakachofanywa na maabara baada ya yeye kuikabidhi?

Wapo pia wanaohofu kwamba orodha ya maneno rasmi itaukausha uandishi, na kwamba "lazima" ikirudiwa kila mstari msomaji ataacha kuisikia. Hofu hiyo naiheshimu, na hata waraka wa Bradner unaagiza maneno ya amri yatumike kwa uchache, pale tu ambapo mifumo haiwezi kufanya kazi pamoja bila ya sharti hilo au pale panapohitajika kuzuia madhara. Hata hivyo, dawa ya amri nyingi ni kuzipunguza amri zenyewe. Kuzificha ndani ya maneno laini kunamwachia msomaji kazi ambayo mwandishi ameikwepa.

Kwa maoni yangu, Kiswahili kina hazina ambayo hatujaitumia vya kutosha. Kitenzi -paswa hubadilika kwa ngeli, kikawa kinapaswa, zinapaswa, unapaswa. Lakini lazima, marufuku, ruksa na hiari hayabadiliki hata kidogo. Kwa hiyo yanaweza kuandikwa kwa herufi kubwa na kutafutwa kwa urahisi katika waraka mrefu, na herufi kubwa si urembo: mwaka 2017 RFC 8174 ilibidi ifafanue kwamba maneno ya Bradner yana maana ile maalumu pale tu yanapoandikwa hivyo. Kwa pendekezo, "inashauriwa" inatosha, maana haina sura ya amri.

Faida kubwa zaidi iko katika ukanushi. "Si lazima mtumiaji afungue kifuniko" inamwachia uamuzi, na "ni marufuku mtumiaji kufungua kifuniko" inamzuia. Lakini "mtumiaji hapaswi kufungua kifuniko" inaweza kusomwa kama katazo kamili au kama ushauri tu. Vivyo hivyo "fundi asiye na leseni hawezi kufungua mita": uwezo huenda anao, bisibisi anayo mkononi, na kinachokosekana ni ruhusa, ambayo sentensi hiyo haikuitaja.