Wimbo haiko gunia ya bunga

Mwaka jana nilipanda taxibus ya Katuba, hapa Lubumbashi, shofere anafungula radio na mi nasikia wimbo yangu. Yangu kabisa, maneno yote, hata pale nilitaja jina ya nyanya, paka sauti njo ya mwengine. Konvayeri aliiimba mpaka mwisho bila kukosa. Nikamulipa nauli sawa batu bengine.

Ile wimbo niliuzishaka dola 60, mu lupango moja ya Kamalondo, hakuna karatasi, hakuna shahidi, paka bia mbili za Simba za baridi. Na nilifurahi, tusidanganyane, ile mwezi bayeur, mwenye nyumba, alikuwa ananitafuta.

Sasa mi naona kosa yetu batunzi iko mu ile neno kuuzisha. Wimbo ni bintu mbili: kuko maneno na melodi, kuko na ile sauti ilirekodiwa mu studio. Mwenye kulipa studio anaweza kuwa mwenye rekodi lakini hiyo haimupatie maneno yako. Muangalie Mwenda Jean Bosco, mupiga gita wa Katanga: Hugh Tracey, muzungu mwenye kukusanya nyimbo za Afrika, alimurekodi 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo, na mpaka sasa bapiga gita ba Ulaya banajifunza wimbo yake Masanga, kila mutu anatosha rekodi yake lakini utunzi ni ya Mwenda. Na sheria ya Kongo ya 1986 inakinga utunzi maisha yote ya mutunzi na miaka 50 kisha kufa kwake, ni kusema mpaka bajukuu. Dola zangu 60 hazikumaliza hata wiki mbili.

Mutu akikuja basi, umupangishie wimbo sawa nyumba: miaka ngapi, inchi gani, korali, albamu ao matangazo ya simu (bei haiko moja!), asilimia ngapi, na jina yako iandikwe pale pa mutunzi. Kisha uitangaze SOCODA, shirika ya Kongo ya haki za batunzi, iko tangu 2011, ao SACEM, ile ya Ufaransa, juu kama hawana jina yako, franga ya radio itakutafutia wapi?

Kinachonichekesha, kuko batu banalipa pesa mingi jina yao iitwe tu mu wimbo, njo ile banaita libanga, na mwenye kuandika wimbo yenyewe anatembea na miguu.

Ule kijana mwimbaji, mwenye ile sauti ya ku radio, nilimukuta juzi. Akaniita yaya, akauliza kama niko na ingine. Nikamuambia iko, tuanzie ku karatasi. Alisema atarudi kesho. Ni wiki ya tatu hii.