Kabla ya tuisheni, mpe mtoto kabalagala

Likizo ikikaribia, wazazi wengi hapa Jinja, Uganda, huanza kuulizana: nani anafundisha tuisheni safari hii, na anatoza kiasi gani? Mtoto wa miaka mitano aliyemaliza muhula mzima akinakili tarakimu kwenye daftari anatafutiwa mahali pengine pa kwenda kunakili tarakimu. Naielewa hofu hiyo. Sote tunawatakia watoto wetu heri, na hakuna anayetaka wa kwake aachwe nyuma. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba mtoto wa umri huo atajifunza mengi zaidi akipika pamoja nasi kuliko akirudishwa kwenye benchi.

Sizungumzii keki za kwenye video, zinazodai oveni na mashine ya kupigia mayai. Nazungumzia vyakula vyetu, vya sigiri moja ya mkaa na karai moja. Na kama ni lazima kuanza na kimoja, basi kiwe kabalagala, yale maandazi bapa ya ndizi.

Kabalagala inahitaji vitu vitatu tu: ndizi ndogo tamu zilizoiva sana, zile tunazoziita ndiizi, unga wa muhogo na mafuta ya kukaangia. Haitiwi maji, na utamu wa ndizi unatosha bila sukari. Somo linaanzia sokoni. Mwache mtoto achague mwenyewe chane, ukimweleza kwamba leo tunataka zile zenye madoa meusi kwenye ganda, ambazo siku nyingine angezipita. Mkifika nyumbani muonjeshe moja yenye madoa na nyingine ambayo ndiyo kwanza imeanza kugeuka njano. Atatambua mara moja ipi tamu zaidi. Hapo mwambie sababu yake: ndizi inapoiva, wanga uliomo ndani yake hugeuka kuwa sukari. Mtoto wa miaka mitano analielewa hilo vizuri kabisa, kwa sababu ushahidi uko ulimini mwake.

Kisha amenye, aponde kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, mpaka mabonge yaishe. Unga wa muhogo uchekechwe, halafu utiwe kidogo kidogo. Hapa ndipo napenda mzazi anyamaze. Ukitia kijiko kimoja, donge bado linanata vidoleni. Kingine, bado. Inafika mahali linaachia mkono, na hapo mtoto hahitaji kuambiwa kwamba inatosha. Ukizidisha unga, donge linapasuka likisukumwa, na hilo nalo ataliona kwa macho yake. Kwenye daftari, jibu sahihi analijua mwalimu peke yake, naye mtoto husubiri alama ya vema au ya mkasi. Jikoni jibu liko kwenye donge lenyewe. Tofauti hiyo kwangu ni kubwa mno, na ndiyo inayonifanya niandike haya.

Donge likisukumwa kwenye kibao hadi unene wa karibu nusu sentimita, mtoto hukata maduara kwa mdomo wa glasi. Muulize jinsi ya kupanga maduara ili mabaki yawe machache. Utashangaa anavyosogeza glasi huku na huku kabla ya kukandamiza. Mabaki yakikusanywa yanasukumwa tena na kutoa maduara mengine, na bila mtu kutaja neno jiometri, mtoto amekwisha kuifanya.

Kukaanga ni kazi ya mtu mzima, nitaieleza baadaye. Lakini kugawa mwachie yeye. Tuseme zimetoka kabalagala 14 na walaji ni wanne. Atazungusha moja moja mpaka kila mtu awe na tatu, na mbili zimebaki. Sasa afanye nini? Wapo watakaosema wapewe wakubwa, wapo watakaosema wapewe wapishi. Ngoja. Mara nyingi mtoto mwenyewe ndiye anayefikia wazo la kuzikata katikati, na kila mtu anapata tatu na nusu. Kugawanya, baki na sehemu, vyote kwa mpigo mmoja, na kuna sababu ya kweli ya kutokosea, maana dada yake ameketi pale anahesabu.

Karanga nazo zina somo lake. Kabla ya kukaanga au kusaga za mchuzi, mpe mtoto ungo achambue: nzima upande huu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu upande ule. Kupanga vitu kwa sifa zake ni msingi wa kufikiri kisayansi, na hapa kazi hiyo inalinda familia nzima, kwa sababu ukungu wa karanga unaweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini, ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Mweleze wazi kwamba zile mbaya zinatupwa, hazirudishwi kwenye mfuko na hazipewi kuku. Ila watoto walio chini ya miaka mitano wasiachwe kutafuna karanga nzima, zinaweza kuwakaba.

Na kuna lugha. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nalifurahia sana hilo. Lakini mtoto anayechekecha, kuponda, kukanda, kusukuma, kukata na kugawa huku akizungumza na mama yake atafika darasani akiwa na Kiswahili chenye uhai. Nyumba nyingi za hapa zina Lusoga, Luganda na Kiswahili kwa pamoja, na jikoni zote zinapata nafasi bila kugombana.

Tulikwisha kuonja jambo hili. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2022. Vipindi vya redio na masomo ya magazetini vilisaidia wakubwa. Kwa wadogo, nyumba ndiyo iliyokuwa shule. Nasikitika kuona jinsi tulivyoisahau upesi.

Sasa moto. Sifanyi mzaha nao, kwa sababu sigiri ikiwa chini ipo kimo kilekile cha mtoto. Ninachokishauri ni kuchora mstari wa mkaa sakafuni kuizunguka sigiri, hatua kubwa ya mtu mzima, na mtoto asiuvuke hata akiitwa. Mafuta ya moto yashikwe na mtu mzima pekee. Sigiri iwe nje au mahali penye hewa ya kutosha, kamwe isiwe ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua. Na mtu akiungua, jeraha limwagiliwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na mafuta visipakwe. Hayo nayo mtoto ayasikie, ni sehemu ya upishi.

Wazazi huniambia hawana muda, au mkaa ni ghali, au mtoto atachezea chakula. Kuhusu mkaa, sidai upike kitu cha ziada. Pikeni kile ambacho kingepikwa hata hivyo, ila mtoto apewe sehemu yake ya kweli. Mdogo wa miaka mitatu anaweza kuosha dodo, yaani mchicha wetu, kuchambua majani na kumenya ndizi mbivu. Muda ni kweli unaongezeka, kwa hiyo chagueni Jumamosi na wala si asubuhi ya shule.

Linalonigusa zaidi ni wavulana. Bado nawasikia watu wazima, tena wapole na wenye elimu, wakimfukuza mtoto wa kiume jikoni kwa kumwambia si mahali pake. Huku barabarani, wanaosukuma chapati na kukunja rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, usiku kucha, kuanzia Jinja hadi Kampala, wengi ni vijana wa kiume, na tunaisifu kazi yao na kuilipia. Kijana huyo aliyejifunza akiwa mkubwa angeweza kujifunza akiwa na miaka mitano, ubavuni mwa baba yake. Baba akiwepo Jumamosi, donge alikande yeye na mwanawe.

Kabalagala ikizoeleka, nendeni kwenye chapati. Donge la ngano linavutika, la muhogo linakatika, na mtoto aliyeshika yote mawili atauliza kwa nini: ni utando wa protini ya ngano, ambao muhogo hauna. Liachwe lipumzike nusu saa, litasukumika kwa urahisi zaidi. Posho, yaani ugali, ingojee mpaka mtoto afikie miaka kumi hivi, kwa kuwa ni nzito kusonga na ikichemka hurusha matone ya moto hadi usoni.